Kazi Isiyo na Jina

Wanawake walimkuta Twalib amekaa barazani anakunywa uji.

Walikuwa wanalia tangu barabarani, kanga vichwani, mmoja kajitwisha kuni. Kilio kikakatika. Nyuma yao vijana walikuwa wanashusha turubai kutoka kwenye guta la magurudumu matatu, na nyuma ya vijana nilikuwa mimi, natweta. Twalib, aliyekondeshwa na figo hata shati likamning'inia, aliweka kikombe chini.

"Karibuni. Naona mmeniwahi."

Mkewe, Hamida, aliitazama simu yangu, kisha akanitazama mimi.

Mimi, Shomari, ni katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Mbagala. Elimu yangu ni ya jioni: mchana karani wa ghala, usiku darasani. Nilipostaafu, wenzangu wakicheza bao, mimi nilijifunza kuandika programu. Ile ya chama, ya kuwatangazia wanachama misiba, niliiandika mwenyewe, kwa mtindo niliofundishwa: kila kitu ni objekti, yenye jina na kazi zake. Mwanachama, msiba, tangazo. Ni kama ofisi. Ukiwa na shida unajua mlango wa kugonga.

Kisha akaja Yuliana, ambaye kuandika programu ndiyo ajira yake, binti wa jirani yangu Leodegar. Akafuta kurasa zangu, akaacha mistari michache. Penye objekti yangu ya tangazo aliweka fanksheni fupi isiyo na jina, akaikabidhi kwa kitufe cha kuthibitisha msiba.

"Huyu nani?" niliuliza.

"Si mtu, babu. Ni kazi tu. Kitufe kinakaa nayo. Familia ikibonyeza, ndiyo inafanyika."

"Haina jina! Mambo yakiharibika nimwite nani?"

"Huiti wewe. Anaita yule uliyemkabidhi."

Nilisema nimeelewa. Mtu aliyeipata elimu kwa taabu huona haya kuuliza mara ya pili.

Alipoondoka nikaipa ile kazi jina. Hilo lenyewe si kosa. Lakini nilizoea kwamba kitu chenye jina unakiita, nacho kinatenda papo hapo. Kwa hiyo badala ya kuikabidhi kwa kitufe, niliiita. Na penye jina la marehemu nilikuwa nimeshaandika la Twalib. Madaktari walishakata tamaa naye, nami sikutaka msiba unikute sijajiandaa. Nilipofungua programu kuijaribu, simu za wanachama wote zililia, na yangu ikiwemo: Twalib amefariki.

Pale barazani nilikiri mbele ya watu. Yuliana, aliyekuja mbio na baba yake, alinivuta pembeni.

"Babu, ni kama nimekupa barua umpelekee mtu, wewe ukaifungua njiani ukaisoma kwa kipaza sauti."

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukaniuma. Nikaifuta kazi yangu, nikairudisha yake.

Twalib hakuninunia. "Mchele si umeshachambuliwa? Pikeni!" Akala pilau ya msiba wake mwenyewe, akaomba na ukoko.

Alifariki wiki chache baadaye, alfajiri. Hamida akabonyeza kitufe. Fanksheni ikafanya kazi yake bila dosari. Kila simu ilipata ujumbe.

"Mzee Shomari na kompyuta yake tena," watu wakasema, wakaenda zao kazini.

Walipoanza kupiga simu kuuliza, tulikuwa tumeshaswali adhuhuri. Maiti haingoji.

Kwetu jeneza halimchoshi mtu. Unabeba hatua chache, bega jingine linaingia chini ya mti wa jeneza, unatoka hata hujui nani amekupokea. Siku ile nilishika mti wa mbele, kushoto, tangu mlangoni kwa Hamida. Tulipokaribia makaburi nikajisogeza kidogo, kumpisha wa kunipokea. Nikamsikia Leodegar nyuma yangu akihema, na zaidi ya sisi wabebaji wanne hapakuwa na vishindo vingine vya miguu.

Nikarudisha bega.