Hamsini na Tatu, Pamoja na Tandiko

1.

KARIBU UWANJA WA MBIO WA SOITOTI

Kijikaratasi hiki ni chako wewe unayebeti farasi kwa mara ya kwanza. Usiogope. Kila unayemwona hapa alianza bila kujua kitu.

Hatua ya kwanza: chagua farasi.

2.

Nyanya Wakesho hakuwa na haja ya kuchagua. Alikuwa ametoka Wundanyi jana yake, akalala kwa binamu yake mjini, akaamka kupika, kwa sababu moja tu: leo Mwadime anapanda farasi aitwaye Desemba, namba nne, mbio ya tano. Mwadime, mjukuu aliyembeba mgongoni baada ya mamake kufariki. Hajawahi kumwona akipanda hata punda.

Askari wa getini alimsindikiza hadi nyuma, kwenye mabanda, akambebea kikapu mwenyewe bila kuombwa. Nyanya alimshukuru mara mbili. Watu wa namna hiyo hawatangazwi popote.

3.

“Nyanya! Umefikaje huku?”

“Nimeuliza. Si nina mdomo?”

Saisi anayemtunza Desemba, Mturkana mmoja mpole aitwaye Ekai, aliinua ndoo, akaipindua, akaifuta kwa mkono wa shati lake ili mama mzee akae. Hilo nalo Nyanya aliliona.

Kisha akamtazama mjukuu wake vizuri.

Mashavu yalikuwa yameingia ndani kama ya mzee. Kifundo cha mkono kilikuwa kifupa kitupu. Ana miaka ishirini na mbili.

“Hawa watu wanakulisha nini?”

“Nakula, Nyanya.”

“Unakula nini? Upepo?”

Ekai alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Nyanya akafungua kikapu, akafungua kitambaa, akafungua sufuria. Kimanga. Mihogo na maharage vilivyopondwa pamoja, bado vya moto, na mvuke ukapanda ukamfikia Mwadime usoni, naye akafumba macho.

Kwao, chakula kilichobebwa njiani kwa ajili yako hakibaki. Unakila, na aliyekibeba anakutazama hadi umalize, ndipo anajua umemshukuru. Kukikataa ni kumwambia amechoka bure.

Mwadime alimtazama Ekai.

Ekai alimtazama farasi.

Mwadime akala.

Akala

yote.

“Na maji, mwanangu. Kimanga hukaba.”

Akanywa vikombe viwili. Nyanya akamfuta mdomo kwa pembe ya leso yake kama zamani, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

4.

KUHUSU UZANI

Kila farasi hupangiwa uzani wa kubeba. Kabla ya mbio, joki, yaani mpanda farasi, hupimwa akiwa ameshika tandiko lake. Joki aliyezidi hubadilishwa. Jambo hili lisikusumbue wewe mbetaji. Ni kazi ya ofisi.

Desemba (namba 4): kilo hamsini na tatu, pamoja na tandiko.

5.

Maneno yaliyosikika karibu na ukuta wa mabanda, wasemaji wawili, migongo tu ikionekana:

“Namba nne leo ni yule kijana wa Taita?”

“Yule yule. Tajiri mwenye farasi amesema hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akizidi tena kama mwezi uliopita, arudi kufagia mavi, farasi apewe mwingine.”

“Si angekataa hizo kilo hamsini na tatu? Yule ni mrefu, bwana.”

“Akatae ale nini?”

“Kwani sasa anakula?”

Kicheko.

6.

Kwenye dirisha la tiketi Nyanya alipanga mstari nyuma ya mzee mwenye kofia ya manyoya, Mzee Odindo, ambaye hakosi Jumapili hata moja na huwafundisha wageni bila kudai chai.

“Mama, unataka kushinda au unataka nafasi?”

“Nataka arudi salama.”

“Hiyo hawauzi hapa.” Akacheka hadi kofia ikahama. “Sikiliza. Ukibeti kushinda, lazima farasi wako awe wa kwanza. Ukibeti nafasi, hata akiwa wa pili au wa tatu unakula kidogo. Mwanafunzi hubeti nafasi.”

“Basi kushinda. Ni mjukuu wangu.”

“Nani, farasi?”

“Joki, wewe baba!”

Mstari mzima ukageuka kumtazama. Kuna aliyempigia makofi. Msichana wa dirishani akampa tiketi kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mzee Odindo peke yake ndiye aliyerudi kutazama gazeti lake.

“Namba nne,” akasema baadaye. “Namba nne wamempangia wepesi sana leo, mama. Nilikuwa najiuliza watampata wapi mtu wa kutosha hapo.”

7.

(Ekai, kwa sauti ya chini, baada ya kumtafuta Nyanya kwenye umati wote)

“Nyanya, usinikasirikie. Ilibidi niseme wakati ule na sikusema, nilikuona umefurahi sana. Mwadime hajala tangu Alhamisi. Maji pia, ni kusukutua tu na kutema. Asubuhi alikuwa amefika sawasawa, hamsini na tatu na tandiko, tukashukuru Mungu. Sasa amezidi. Kile chakula na yale maji, Nyanya, vyote viko kwenye mizani. Amevaa koti la plastiki na masweta matatu, amejifungia kwenye gari la tajiri juani, madirisha juu, atoe jasho apungue. Ameniambia nisikwambie. Ameniambia nikuambie kimanga kilikuwa kitamu. Mimi nimemwambia asipande, na yeye

hapana, Nyanya, usikimbie, utaanguka”

8.

Jua.

Gari jeupe.

Kioo chenye ukungu kwa ndani, na mkono mmoja ukiufuta, na jicho.

Nyanya akagonga. Mwadime akashusha kioo upana wa kidole. Hewa iliyotoka humo ilikuwa kama ya tanuri.

“Toka humo.”

“Bado kidogo, Nyanya.”

“Nimesema toka. Mimi ndiye nimekosea, nitamwambia huyo tajiri wako mwenyewe.”

“Ukimwambia, nimekwisha.” Midomo yake ilikuwa imeshikamana pembeni. “Miaka minne nimelala kwenye nyasi za farasi kungoja kupanda mmoja mzuri. Nyanya, nakuomba. Usiseme kitu.”

Hajawahi kumwomba kitu. Hata viatu vya shule hakuwahi kuomba.

Kioo kikapanda.

9.

Wewe unayesoma, na wewe pia ungempikia. Usimhukumu haraka.

Nenda naye mlangoni pa ofisi ya uzani.

10.

Ofisa wa mizani alikuwa mtu mstaarabu. Alimwona mama amesimama mlangoni anahema, akamletea kiti.

“Karibu, mama. Kuna shida?”

Nyuma yake Mwadime alipanda kwenye mizani akiwa amekumbatia tandiko. Shati la njano. Uso wa majivu. Hakuwa anatoka jasho tena. Katika joto lile, hakuna hata tone.

Mshale ulicheza.

Mshale ulicheza.

Nyanya alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tayari, juu ya ulimi. Mwadime alimtazama juu ya tandiko kwa yale macho aliyomtazama nayo siku ya kwanza ya shule, alipomwachilia mkono.

“Mama? Kuna shida?”

“Hapana, baba. Nilikuwa namtazama mjukuu wangu tu.”

“Hamsini na tatu,” akasema ofisa, akaandika. “Safi kabisa, kijana.”

11.

JINSI YA KUMSOMA FARASI

Kabla ya mbio farasi huzungushwa mbele ya wabetaji. Mtazame vizuri. Manyoya yanang’aa? Masikio yako mbele? Hatua ni ndefu?

Usimtazame joki. Joki hatakuambia kitu.

12.

Desemba aling’aa. Masikio mbele, hatua ndefu. Watu walimsifu. Ekai alimshika Mwadime mguu ili ampandishe, na ilibidi amsukume mara mbili, na mara ya pili alimshikilia pale juu muda kidogo kuliko inavyohitajika, kiganja kikiwa juu ya goti lake, kama mtu anayesubiri mzigo utulie.

“Sasa wanaenda kwenye geti la kuanzia,” akaeleza Mzee Odindo, amemtengea Nyanya nafasi kwenye reli ya uzio. “Watazunguka nusu uwanja, watapotea kidogo nyuma ya ile miti, halafu utawaona kwenye kona. Pumua, mama.”

“Nimekosea, baba.”

“Kubeti kushinda? Ah, wacha. Unaweza kubahatika.”

13.

(Kipaza sauti)

Wote wameingia getini.

Wote wameingia.

Na wameondoka!

Desemba ametoka vizuri, Desemba mbele, nyuma yake namba saba, namba mbili akifuatia, Desemba bado mbele

14.

Kelele. Mzee Odindo anapigapiga reli kwa gazeti. “Huyo kijana! Huyo kijana wako! Ona anavyokaa!”

Wote wanapiga kelele ya haraka, haraka, haraka. Nyanya peke yake anaita jambo lingine na hakuna anayemsikia.

“Polepole! Mwadime, polepole!”

Kwa mbali shati la njano linainama. Joki huinama, ndivyo wanavyopanda. Linainama zaidi. Ndivyo wanavyopanda?

Miti.

15.

(Kipaza sauti)

na wanatoka kwenye kona, ni namba saba, namba saba na namba mbili bega kwa bega, na Desemba

Desemba yuko nje upande wa

Mabibi na mabwana, tafadhali tunzeni tiketi zenu. Msitupe tiketi zenu hadi matokeo yathibitishwe.

16.

Farasi walipita mbele ya jukwaa kama ngurumo, na macho yote yakawafuata upande wa kulia.

Nyanya Wakesho alikuwa anatazama kushoto, kule kwenye miti. Alikunja leso, akaifunga kiunoni. Mzee Odindo aligeuka kumwambia kitu, akakuta nafasi tupu kwenye reli.

17.

(Kipaza sauti)

Mama aliye kwenye njia ya farasi, tafadhali rudi nyuma ya reli.

Mama mwenye leso ya kijani.

Kuna farasi bado anakimbia, mama, hana mtu, tafadhali toka njiani.

Mama.

Askari, msaidieni huyo mama. Hapana, msimrudishe, naambiwa ni nyanya wa joki wa namba nne, mwacheni apite. Mshikeni mkono mumpeleke kule kwenye miti.