Mji wa Kemilembe

Mjukuu wangu Kemilembe anasomea Kiitaliano chuoni. Msimamizi wa utafiti wake amekataa sura ya mwisho: vitendawili vya Waitaliano vimetosha, alete vya kwao alinganishe. Akaja kwangu Buhembe na wasiwasi wake. Nikampa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni kwetu.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Shambani navaa nyekundu, juani nyeusi, na mgeni hunipokea kwa kiganja."

Akawaza weee, akashindwa. "Nakupa mji. Chukua Roma!"

"Roma sina ndugu. Nipe Nshamba."

"Haya, chukua."

"Nilikwenda Nshamba, nikamkuta mama yangu anaanua buni, ananicheka kwa pengo langu la mbele..." Nikamwongezea kahawa kiganjani. "Jibu unalitafuna, mjukuu wangu."

Alicheka, kisha akaandika yote, hata mama yangu.