Magunia Yenye Midomo Wazi

Redio ilisema wanajeshi na waasi wamepigana kwenye kituo cha mpakani, upande wa Kongo, na kwamba madereva kadhaa wameuawa. Mayala alikuwa huko na lori la dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Simu yake haikupatikana.

Kesho yake asubuhi majirani wa mtaa wa Mabatini walianza kuingia uani kwa mkewe, Teodora. Hakuna aliyetamka neno msiba, lakini Dorcas, jirani wa mlango wa pili, alikuja na sufuria kubwa, na Luhaga, mdogo wake Mayala, alikuwa ameshaazima turubai.

"Shemeji, nifunge?"

"Subiri."

"Watu wanaungua jua."

"Wakae barazani."

Simu ya Luhaga ikalia. Dereva mmoja alikuwa ametuma picha aliyoipiga asubuhi ile. Lori la Mayala lilikuwa limelalia upande, matairi yametobolewa, kioo cha mbele hakipo. Kando yake magunia yalisimama wazi.

"Wanajeshi wamepekua wakitafuta silaha," Luhaga alisema taratibu.

Teodora aliikuza picha kwa vidole. "Anayepekua anamwaga. Haya yamekunjwa midomo kwa nje."

Kila mzigo uliponyeshewa njiani, Mayala aliushusha, akafungua magunia na kukunja midomo yake ili dagaa wapate hewa wasivunde. Wenzake walimwita mama wa dagaa.

"Huenda aliyakunja kabla ya risasi," Dorcas alisema.

"Angalia chini. Vipande vya kioo vimetapakaa, na magunia yamekaa juu ya vioo hivyo."

Dorcas aliangalia, akamrudishia Luhaga simu. Sufuria ilibaki bila moto.

Mchana namba ngeni ilipiga simu ya Teodora, akaipokea kwa spika.

"Mama Rebeka, ni mimi. Simu yangu ilizama mtaroni."

Teodora aliketi pale pale, kwenye vumbi. "Umeumia?"

"Goti tu. Nililala mtaroni, askari ananifokea nisiinue kichwa. Mbona kelele hapo? Kuna sherehe?"

"Watu wamekuja kukuzika."

"Basi wape chakula, wasiondoke na njaa."

Dorcas alicheka huku machozi yakimtoka. Luhaga aligeukia ukutani, akasimama hivyo kwa muda.

Teodora hakucheka. Alimuuliza mumewe amelala wapi, amekula nini, shati alilovaa ni la nani, swali baada ya swali, ili asikate simu.