Sharubu za Mtoto Ambaye Hajatimiza Arobaini

Usiku wa jana niliota mlango wa chumba cha mjukuu wangu umeota mdomo, na mdomo wenyewe unatafuna karanga.

Kwanza mjue hili. Binti yangu Salha amejifungua mtoto wa kwanza, akaja kulelewa kwangu kama ilivyo desturi. Mtoto, Haithamu, hajatimiza arobaini, na mtoto wa hivyo haonyeshwi ovyo. Sasa Salha kazi yake ni kompyuta. Jioni ile alitengeneza folda ya picha za mtoto kwenye ile kompyuta ya Linux ya barazani, ambayo mimi na wapangaji wangu wote tunaitumia, kila mtu akiingia kwa jina lake. Nikamuuliza, nani ataweza kuifungua?

"Wote, mama. Nimeweka saba saba saba, moja ya mwenyewe, moja ya kundi, moja ya wengine. Kusoma, kuandika, kuingia, ruhusa kwa kila mtu. Mambo ya kuchagua huyu ndiyo, yule hapana, yananichosha."

Nikalala na hilo rohoni.

Basi nipo mbele ya mlango. Napiga hodi. Mlango unatema ganda la karanga.

"Wewe ni mwenyewe, kundi, au wengine?"

"Mimi ni bibi yake."

"Bibi hakuna. Kuna mwenyewe, kundi na wengine. Mwenyewe ni Salha."

"Haya, mimi ni kundi."

"Kundi la humu ni la Salha peke yake. Hakumtia mtu. Wewe uko na wengine, mama. Foleni ile pale."

Nageuka. Ua wangu umekuwa viwanja vya Sabasaba. Kuna bendi ya tarumbeta, kuna muuza mihogo, na foleni imepinda mpaka chooni. Mbele yangu amesimama mbuzi aliyevaa miwani.

"Shikamoo," anasema mbuzi.

"Marahaba. Na wewe unaingia kwa mjukuu wangu?"

"Mimi ni wengine," anajibu kwa adabu.

Tunaingia wote. Kwa kuwa tumepewa ruhusa ya kuandika, kila mtu ameshika wanja. Mama Shufaa, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, anamchora mtoto sharubu, za kulia na za kushoto, huku ameng'ata ulimi kama anatunga sindano.

"Mama Shufaa! Huoni haya?"

"Haya ya nini, shoga? Mlango umesema andika."

Muuza mihogo naye anafuta jina la Haithamu kitandani, anaandika Pipa.

"Mlango! Huyu anabadilisha jina la mtoto wa watu!"

"Mwenye ruhusa ya kuandika chumbani anabadilisha jina la aliyemo," unasema mlango. "Hata kumtoa anaweza."

Mbuzi anasafisha miwani. "Mimi ndiye wa kutoa," anasema, na anauma ncha ya kanga aliyofungiwa mtoto.

Mtoto anafungua macho. "Bibi, nani kaniwekea ruhusa hizi?"

"Mama yako."

"Mwambie nimeota sharubu kabla ya meno."

Nauangukia mlango, nalia, tufanyeje? Unameza karanga taratibu.

"Salha aunde kundi la nyumbani. Akutie wewe na baba mtoto. Chumba akipe kundi hilo, wengine wasipewe kitu. Halafu akikiamuru chumba, kila kitakachozaliwa humu kitafuata kundi la chumba, awe nani aliyekizaa."

"Kumbe kama ukoo."

"Ukoo siujui. Mimi ni mlango."

Natazama juu. Salha yuko juu ya bati, anakuna nazi.

"Salha! Mbuzi anamtoa mwanao!"

"Kesho, mama. Nimechoka."

Narudi mbio. Natia mate dole gumba, nafuta sharubu. Za kulia zinatoka. Nageukia za kushoto, mbuzi anavuta kanga, nami navuta, mtoto anasema, "Bibi, usiachie," na kanga inachanika.

Nikaamka. Salha alikuwa barazani, anacheka peke yake.

"Mama, njoo uone vituko vya wapangaji wako!"

Nikaenda, mtoto nimembana kifuani. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na picha ya mjukuu wangu. Chini yake pameandikwa Pipa. Juu ya mdomo ana sharubu za kushoto tu.

"Mchoraji kachoka katikati," akasema Salha.

"Hakuchoka," nikamwambia, nikamwonyesha mkono wangu.

Akautazama. Kicheko kikakatika. Akakaa, akaandika mpaka uji wake ukapoa, na alipomaliza akaniita nijaribu. Folda ikafunguka kwangu. Akamwita Mama Shufaa naye ajaribu. Ikakataa.

Ninyi wenye watoto, msiseme mnachoka kuchagua. Mimi dole gumba nimelisugua kwa sabuni na mchanga tangu asubuhi. Bado jeusi.