Jina la Tarcisio

Kompyuta iliandika maneno yale yale kwa siku sita: "Hatua ya tatu haijakamilika." Kila asubuhi Aol, fundi wa mfumo katika kampuni moja ya walinzi pale Kansanga, alibonyeza "Tuma tena," akaulaumu mtandao, akaenda zake kunywa chai. Mtandao wa Kampala una mabega mapana. Hubebeshwa makosa ya kila mtu.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, kosa lenyewe lilikuja kwa miguu. Kamis, mlinzi wa ghala la Port Bell, mtu aliyekula chumvi nyingi, alisimama mbele ya meza ya Aol, kofia mkononi, akamwita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, mimi naomba ile barua ya likizo tu. Mama yangu iko mgonjwa sana kule Arua. Kila siku anauliza mimi."

"Si uende tu, mzee Kamis?"

"Bunduki naachia nani? Bila barua, hiyo ni kutoroka. Wanafukuza mimi siku hiyo hiyo."

Aol aliona haya. Siku zote hizo hakuwahi kulifungua ombi lenyewe akalisoma. Sasa alilifungua. Hatua ya kwanza, mlinzi aombe: tayari. Ya pili, ofisi ihakikishe siku zake: tayari. Ya tatu, msimamizi wa Port Bell aidhinishe: inangoja. Akabonyeza aone inamngoja nani.

Tarcisio Ocaya.

Alilisoma tena jina hilo. Tarcisio alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita. Jalia alishika nafasi yake ya usimamizi wiki hiyo hiyo, na kazi ya Aol ilikuwa kulitoa jina la marehemu kwenye mfumo na kuweka la Jalia. Hakulitoa. Kwao Waacholi, matanga ya mwisho ya Tarcisio yalikuwa bado, na ofisi nzima ilikubaliana kwamba si vyema mtu afutwe kabla nduguze hawajamaliza kumlilia. Ilikuwa heshima. Tangu hapo, kabla ya Kamis, hakuna mlinzi wa Port Bell aliyeomba likizo, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba heshima ile imefunga mlango. Mara sita Aol alikuwa amemtumia maiti ombi la mtu anayetaka kumwona mama yake.

Alilitoa jina, na ilimuuma kama anamzika Tarcisio mara ya pili. Akaweka la Jalia, akampigia simu. Hazikupita dakika mbili, hatua ya tatu ikakamilika na barua ikaanza kutoka kwenye mashine.

Hapo simu ya Kamis ikalia. Alisikiliza amesimama, akasema "Inna lillahi," kisha akakaa polepole kwenye kiti cha wageni.

"Mama amekwenda," alisema. "Alfajiri. Wanazika baada ya sala ya adhuhuri."

Wote wawili waliitazama saa ya ukutani. Kufika Arua ni mwendo wa kutwa nzima kwa basi.

"Waambie wakungoje, mzee."

"Sisi hatungojeshi maiti, nyabo."

Aol akaanza kulia. "Ni mimi. Jina la Tarcisio, mimi ndiye niliyeliacha."

"Najua. Siku ile mnakubaliana, mimi pia nilikuwa hapa. Mimi pia nilisema, muache jina ya afande."

Laiti angemtukana, ingekuwa nafuu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia hapa halikuwa la yule aliyengojesha, na jambo hilo Aol hakuweza kulisamehe.

Aliichukua barua ampe, akaona ilivyoandikwa: "Sababu ya likizo: kumuuguza mama."

"Nipe dakika moja, mzee. Niandike upya, iseme msiba."

Kamis aliichukua mkononi mwa Aol taratibu, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati.

"Acha hivyo, nyabo. Ukibadilisha, itarudi hatua ya kwanza."

Alisema kweli. Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kutafuta basi la kumfikisha kwenye kaburi la mama yake.