Ahadi kwa Mzee Wojcik

Kabla ya upasuaji wa mgongo, Mzee Wojcik alimshika Marcella mkono. "Binti, fanyeni mtakavyo, ila usinichome sindano miguuni. Marehemu baba walimchoma mpaka akawa kama chujio."

Marcella alicheka, akaahidi. Kazi yake ilikuwa kuchunga mishipa ya fahamu wakati daktari akitoboa mfupa na kufunga skrubu, na alijua kuwa elektrodi za sindano, vinasa ishara za mishipa hiyo, ndizo zinazokaa imara. Mzee angekuwa amelala fofofo, asingehisi kitu. Lakini alikwisha kumwahidi, akatumia za kubandika.

Katikati ya upasuaji, mstari wa ishara za mguu wa kushoto ulififia kwenye skrini.

"Vipi huko?" Daktari Haugen aliuliza bila kuinua macho.

"Kibandiko kimelegea, daktari. Jasho tu. Endelea."

Akajipenyeza chini ya shuka kukigandamiza. Kilikuwa kimeshika barabara; kumbe mshipa wenyewe ndio uliokuwa ukiumia. Alipopiga kelele, "Simama!", skrubu ilikuwa imeshaingia. Daktari aliitoa papo hapo, lakini mstari haukurudi.

Kesho yake alimkuta mzee wodini, amefunua shuka, akijikagua miguu.

"Hata tundu moja hakuna! Wewe ni mtu wa neno lako, binti. Ila huu wa kushoto umekuwa mvivu, unyayo hautaki kuinuka. Ukiendelea hivi, harusini kwa mjukuu wangu nitacheza polka kwa mguu mmoja."

Marcella akavuta kiti, akaketi.

"Bora ningekuchoma, mzee," alisema, kisha akaanza kumweleza.