Wenye Ng'ombe Waje Waite

Mwaka ule wa elfu mbili, ukame ulipomaliza nyasi ukaanza kumaliza hata hamu ya watu kusalimiana, hoteli ya Soipan pale Kitengela ndiyo iliyokuwa redio ya mji. Ukitaka kujua nani kaachwa na nani kauza shamba la babake akanunua pikapu, uliagiza chai ukanyamaza. Soipan alipenda hivyo. Benchi likibaki tupu, alijisikia mgonjwa.

Kwa hiyo alijua kabla ya mumewe kwamba sasa wanaosemwa ni wao.

"Simel ako na ng'ombe boma nzima na bado anatuambia hana kitu," Gakuru, mwenye duka la dawa za mifugo, alisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Nimeshaongea na wakili. Dalali atawabeba wote."

"Maliza chai kwanza," Soipan akamjibu. "Usimshtaki mtu ukiwa na njaa."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini jioni alimweleza mumewe, Simel, kila neno.

Deni lilikuwa la kweli. Simel alikuwa akinunua madume na kuyauza Nairobi. Pesa alikopa kwa Halimo, mama wa Kisomali mwenye duka la jumla. Dawa na chakula cha mifugo alikopa kwa Gakuru. Ukame ulipokaza, madume mengine yalikufa njiani, mengine yakauzwa bei ya ngozi. Ambalo mji haukulijua ni kwamba ng'ombe waliobaki bomani, karibu wote walikuwa wa watu. Mmaasai haweki mali yake yote mahali pamoja, uje ugonjwa imalizike, au aje shemeji wa kuombaomba aione. Huwagawia marafiki wamtunzie, na rafiki hafungui mdomo. Simel alikuwa amefunga mdomo wake miaka mingi. Mji ukamwona tajiri, ukamkopesha.

Walikwenda Kajiado kwa Zipporah, wakili ambaye Soipan alimjua tangu akiwa msichana wa kwaya.

"Nimesikia mtu anaweza kuomba atangazwe mufilisi, madeni yafe," Simel alisema.

"Anaweza, Mahakama Kuu. Lakini hayafi siku hiyo hiyo, Baba Metito. Afisa wa serikali anachukua kila kilicho chako, anauza, anawagawia wanaokudai. Unaachiwa zana za kazi yako, nguo na matandiko. Mmoja wao hawezi tena kukuandama peke yake, hilo ni zuri. Lakini mpaka mahakama ikuachilie, ukitaka kukopa pesa ya maana lazima useme wewe ni mufilisi."

"Na njia nyingine?"

"Unawaita wote wanaokudai. Unawaonyesha ulicho nacho, usifiche hata kuku. Mnaelewana mtalipana vipi, tunaandika."

"Hakuna ya tatu?"

"Ya tatu ni kutoroka. Hiyo watu hujifunza bila wakili."

Soipan akauliza lile lililomkaa kooni: je, ng'ombe wa watu?

"Mali ya mwingine si yako, haigawiwi. Lakini mumeo ni mchuuzi wa ng'ombe, wako bomani kwake, na kila mtu anaamini ni wake. Wenyewe wasipojitokeza, nitabishana kwa niaba ya nani?"

Simel aliinama. "Siwezi kuwataja. Waliniamini."

Walirudi nyumbani. Soipan akamwacha na ahadi yake. Yeye alijifunga leso akaenda kwa Kuntai, mmoja wa waliowaweka ng'ombe kwao, yule ambaye kila harambee alisema ukame umemkausha.

"Simel hatakutaja, na mimi sitakutaja," akamwambia. "Lakini dalali hajui kuuliza ng'ombe ni wa nani. Jumamosi tunawaita wanaotudai; wenye ng'ombe waje wenyewe, kila mtu aite wake."

"Mbele ya mke wangu?"

"Mbele ya kila mtu. Nitapika."

Kuntai alitema mate kando.

Jumamosi boma lilijaa. Soipan aliazima sufuria za kanisa, na hata waliokuwa hawadai kitu walikuja, maana nani angekosa? Halimo alipewa kiti, Gakuru akakataa kukaa. Zipporah akaeleza sababu ya mkutano. Simel alitazama chini. Soipan alitazama lango.

Kuntai akapenya katikati ya watu, akasafisha koo, akaita, "Nado."

Ng'ombe mwekundu akainua kichwa, akamjia. Akaita mwingine, akaja. Mwingine tena.

"Ngoja kwanza," mkewe akasema kutoka upande wa wanawake. "Huo ukame uliokukausha ulikuwa wa wapi?"

Kicheko kilipasuka hata Gakuru akashindwa kujizuia. Kwa kicheko kile aibu ikapungua, na wengine wakaanza kujitokeza, mmoja mmoja, wakiita na kuondoka na ng'ombe wao. Boma likapwaya. Mwishoni walibaki madume machache ya kuonea huruma, na Narok, ng'ombe mweusi wa maziwa ya hoteli.

"Huyo mweusi wa nani?" Gakuru akauliza.

Kuntai alimtazama Soipan, akafungua mdomo. Ilikuwa wazi anataka kumwita, amwokoe. Soipan akatikisa kichwa.

"Ni wetu," akasema. "Mhesabu na yeye."

Halimo aliinuka kitini taratibu. "Baba yangu alichunga ngamia wa watu maisha yake yote. Walimwita tajiri mpaka siku tuliyomzika." Akamgeukia Simel. "Mimi nitangoja mvua. Uza hayo madume, tugawane, iliyobaki unilipe kidogo kidogo. Nikikufilisi leo nitapata nini, ngozi?"

Wote wakamtazama Gakuru. Alikuna kidevu.

"Wakili, si ulisema mtu anaachiwa zana za kazi?"

"Nilisema."

"Basi huyo mweusi ni zana. Mama Metito anauza chai, na mimi ya rangi sinywi."

Zipporah alipoanza kuandika makubaliano, Soipan aliinuka. Akaenda kumpakulia Gakuru nyama, sahani ya kwanza, mpaka ikafurika.

Mvua ilikuja, ikawa mvua kweli, na ilichukua miaka deni kuisha, lakini liliisha. Kila Idi Soipan alimpelekea Halimo kibuyu cha maziwa ya Narok, wakakaa wakawasema watu mpaka giza. Kuntai naye akawa mtoaji mkubwa wa harambee, maana mkewe sasa alijua pa kuuliza. Na Gakuru aliendelea kunywa chai yake asubuhi, akilipa kama kawaida. Ila kikombe chake, Soipan hakukubali msichana wa hoteli amtilie. Alikijaza mwenyewe.